Nimkane Nani?

Tulikuwa tumefika ukurasa wa mwisho wa fomu Bibi alipoweka kiganja juu ya karatasi na kutuzuia. Tangu asubuhi alikuwa akijibu kila kitu bila kusita: mwezi alioingia Marekani, Julai 2008; nyumba tatu alizopanga tangu hapo; kazi ya kufua mashuka ya hoteli aliyoifanya mpaka mgongo ukakataa. Kisha tukamweleza kiapo atakachoapa akikubaliwa, kwamba atazikana nchi zote na watawala wote wa kigeni aliowahi kuwa na utii kwao. Mwenzetu aliyekuwa akitafsiri alitumia neno lililomjia kwanza mdomoni.

"Nimkane nani?" Bibi akauliza. "Aliyekana ni Petro. Mimi sijamkana mtu."

Siku hiyo fomu haikwisha. Ilikuwa Jumamosi ya Januari mwaka huu wa 2025, na tangu hapo neno hilo moja limetuchukulia muda mwingi kuliko neno lolote tulilowahi kulijadili darasani. Tutalirudia. Kwanza tuwaeleze wanachama wapya meza yenyewe ni ya nini, maana wengi mnaiona kwenye ratiba ya chama mkadhani ni ya kuuza vitafunio.

Meza ilianza kama zoezi la darasa la tafsiri. Walimu wetu walichoka kutupa hotuba za viongozi tuzitafsiri kisha ziishie kabatini, wakatutuma mjini tukatafsiri kwa watu wanaohitaji. Mjini kwetu watu hao ni hasa Wakongo na Warundi waliopitia kambi za Kigoma, pamoja na Watanzania na Wakenya waliokuja kwa njia nyingine. Wengi wao ni wakazi wa kudumu, wenye ile kadi ya kijani, na kinachowaleta kwetu ni fomu N-400, ya kuomba uraia wa Marekani. Tunachofanya ni kusoma swali kwa Kiswahili, kuandika jibu kwa Kiingereza kama lilivyotolewa, na kuweka majina na saini zetu pale ambapo fomu yenyewe inamtaka mkalimani na mwandishi wajitambulishe. Hatutoi ushauri wa kisheria. Sheria inawaachia kazi hiyo mawakili na wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria, na kesi yoyote yenye kukamatwa na polisi, ndoa yenye mgogoro au kodi isiyolipwa tunaipeleka kwa wakili bila kuigusa. Msituone waoga. Mwaka jana alikuja baba mmoja aliyetozwa dola 400 na mtu wa mtaani amjazie fomu. Yule mtu alikuwa amejibu "hapana" kila mahali, hata palipouliza kama mwombaji ana watoto. Baba ana watoto sita.

Turudi kwa Bibi. Sheria inadai mwombaji ajue kusoma, kuandika na kuzungumza Kiingereza cha kawaida, lakini wazee wana mlango wao. Aliyetimiza umri wa miaka 50 na ukazi wa kudumu wa miaka 20, au umri wa miaka 55 na ukazi wa miaka 15, hatahiniwi Kiingereza. Mtihani wa historia na serikali anaufanya kwa lugha yake, akiwa na mkalimani wake. Mwenye miaka 65 na ukazi wa miaka 20 hupunguziwa na maswali pia: anajifunza 20 tu, anaulizwa 10, akipata 6 amepita.

Bibi hakuwahi kukaa darasani, kwa hiyo mlango wake ulikuwa huo wa 55 na 15. Miaka 15 aliitimiza Julai 2023, kwa sababu mkimbizi anapopewa kadi ya kijani tarehe ya ukazi wake hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia nchini. Tatizo lilikuwa umri. Karatasi zake zinasema alizaliwa 1 Januari 1970. Aliyewahi kukaa kwenye meza yetu hashangai: 1 Januari ndiyo siku ya kuzaliwa ya watu wengi mno, kwa kuwa aliyekuwa akiandikisha wakimbizi alihitaji kujaza nafasi ya tarehe na mkimbizi hakuwa nayo. Mwaka nao ulikisiwa kwa kumtazama mtu usoni. Bibi ni miongoni mwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Anakumbuka njia yenyewe, anakumbuka mto waliouvuka usiku, na anakumbuka kwamba alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni. Mtoto wa miaka miwili habebi mtoto. Lakini ofisa hasomi mgongo wa mtu, anasoma karatasi, na Bibi alingoja kuanzia Julai 2023 hadi 1 Januari 2025 ili karatasi ifikishe miaka 55.

Huyo mdogo aliyebebwa, kwa taarifa yenu, ni raia wa Tanzania. Familia zilitawanyika, yeye akakulia Mishamo, na ni mmoja wa wale Warundi wa 1972, takriban 162,000, ambao Tanzania iliwakubali kuwa raia wake na kuanza kuwapa vyeti mwaka 2014. Bibi yeye aliishia kambi ya Mtabila, Kasulu, na kutoka huko akaletwa Marekani.

Kwetu sisi vijana tatizo si umri, ni siku. Mkazi wa kudumu aliyefikisha miaka 18 anaweza kuomba uraia baada ya miaka 5 ya ukazi, au 3 kama ameoana na raia wa Marekani na wanaishi pamoja, na fomu inaruhusiwa kupelekwa siku 90 kabla muda haujatimia. Hapo kuna hesabu mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni jumla ya siku ulizokuwapo nchini kwa mwili wako: katika miaka 5 lazima uwe umekuwapo angalau miezi 30. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi zote zinahesabiwa kuwa ulikuwapo. Hesabu hii ni rahisi, chukua pasipoti na kalamu. Ya pili ni ukazi usiokatika, na hii ndiyo inayowaumiza wanachama wetu. Safari moja ya zaidi ya miezi sita inachukuliwa kuwa imekata ukazi, mpaka wewe mwenyewe uthibitishe kwamba hukuhama: nyumba ilikuwepo, kodi ya mapato ulilipa, kazi au masomo hukuacha, familia ilibaki hapa. Safari ya mwaka mmoja au zaidi inakata kabisa, na utaanza kuhesabu upya ukirudi.

Sasa fikirieni mwanafunzi wa Kiswahili mwenye kadi ya kijani anayekwenda Unguja kwa mwaka mzima wa masomo. Mwenzetu mmoja alifanya hivyo. Aliondoka mwishoni mwa Agosti akarudi katikati ya Juni, lugha imenyooka, shairi analo, na safari ya miezi tisa na nusu iko kwenye pasipoti. Alikuwa amechukua kibali cha kurejea nchini akaamini kinamlinda. Kibali hicho humsaidia mtu asizuiwe kuingia. Hakiulindi ukazi wake mbele ya anayehesabu miaka ya uraia. Alipohojiwa alitakiwa kuleta mkataba wa chumba, risiti za kodi na barua ya chuo, na jibu lake lilichelewa kwa miezi. Alipita. Angekuwa amerudi nyumbani Krismasi kwa wiki mbili, kila safari ingekuwa chini ya miezi sita na asingeulizwa lolote. Nauli ya Desemba inauma, tunajua. Tunawaomba walimu wetu wanaopeleka wanafunzi Afrika Mashariki waliandike jambo hili ukurasa wa kwanza wa tangazo, pamoja na chanjo na viza. Mpaka leo halimo.

Kuna mitego mingine ambayo iko hapa hapa chuoni, wala huhitaji kupanda ndege. Kila msimu wa uchaguzi vijana wenye ubao na kalamu husimama nje ya maktaba wakiuliza kila apitaye kama amejiandikisha kupiga kura. Wana heshima, wana pipi, na hawajui wewe ni nani. Mkazi wa kudumu akisaini fomu ile amejidai raia, na sheria ya uhamiaji inalihesabu hilo kosa zito linaloweza kumfukuzisha nchini, hata kama hakupiga kura kamwe. N-400 inauliza waziwazi: umewahi kujiandikisha? Mwanachama mmoja wa mwaka wa kwanza alisaini akidhani anaombwa sahihi ya kuunga mkono jambo fulani. Alipolifikia swali hilo kwenye meza yetu alinyamaza, akatutazama, na sisi tukafunga kompyuta. Yuko kwa wakili. Fomu yake haijapelekwa na hatujui lini itapelekwa.

Wavulana: mwanamume anayeishi hapa, awe raia, mkimbizi au mkazi wa kudumu, anatakiwa kujiandikisha Selective Service, yaani daftari la vijana wanaoweza kuitwa jeshini, kati ya miaka 18 na 26. Ukipitisha 26 mlango unafungwa, na ukiomba uraia kabla ya kufika 31 utatakiwa ueleze kwa nini hukujiandikisha. Kujiandikisha ni dakika chache kwa simu. Na bangi: katika majimbo mengi inauzwa dukani kama soda, lakini sheria ya uhamiaji ni ya serikali ya shirikisho, na huko bado ni haramu. Asiye raia akikiri kuivuta anaweza kukataliwa uraia, hata kama polisi wa jimbo lake hawana habari naye. Hatuhubiri. Tumeona tu mtu akicheka mbele ya swali hilo, kisha akaacha kucheka.

Baadhi yenu, tunaandika hili kwa furaha, hamhitaji fomu hii hata kidogo. Tangu 27 Februari 2001, mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye kadi ya kijani, anayeishi Marekani chini ya malezi ya mzazi wake, anakuwa raia siku ile ile mzazi huyo anapoapa. Haombi, haapi, wala hapewi taarifa. Dada mmoja alikuja mezani na dola zake za ada zimeshapatikana kwa kufanya kazi ya mkahawa kiangazi kizima. Tulipofika sehemu ya wazazi akataja kwamba mama yake aliapa mwaka 2019. Yeye alikuwa na umri gani? Kumi na sita. Alikuwa raia kwa miaka sita bila kujua, na hitaji lake lilikuwa pasipoti tu. Kaka yake alikuwa ametimiza 18 wiki tano kabla ya kiapo cha mama. Kaka bado ni mkazi wa kudumu. Ulizeni wazazi wenu tarehe, si mwaka tu.

Ada yenyewe, tangu 1 Aprili 2024, ni dola 710 kwa anayepeleka kwa mtandao na 760 kwa karatasi. Familia yenye kipato cha chini inaweza kuomba kulipa 380, na maskini zaidi kuomba kusamehewa yote. Msione haya kuomba, tumewaona watu wakikopa wakati msamaha ulikuwa haki yao. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba mwaka huu hundi na hawala za karatasi hazipokelewi tena. Ni kadi au kukatwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki. Kwa wazee waliozoea kununua hawala dukani hili limekuwa kero mpya.

Kero kubwa zaidi ya vuli hii imekuwa mtihani. Mpaka mwaka huu kila mwombaji alijifunza maswali 100, akaulizwa 10, na 6 yakatosha. Septemba ilitangazwa kwamba anayepeleka fomu tarehe 20 Oktoba 2025 au baada yake atajifunza maswali 128, ataulizwa hadi 20, na lazima apate 12. Ofisa anasimama mtu anapofikisha 12 sahihi, au 9 ya makosa. Ni wazee wa 65 na 20 tu waliobaki na mzigo wao mdogo. Kati ya tangazo na tarehe hiyo tulikuwa na mwezi mmoja, na kwa mwezi huo meza ilifunguliwa kila Jumamosi badala ya mbili kwa mwezi. Watu walikuja na bahasha za plastiki zenye kila karatasi waliyowahi kupewa nchi hii. Hatukuwafikia wote. Mama mmoja alikuja tarehe 25, ameshika kitabu cha maswali 100 chenye kona zilizokunjika. Alikuwa akijifunza tangu Pasaka.

Kwa wasiojua kusoma tumerekodi maswali yote kwa sauti na kuyatuma kwa WhatsApp, swali, kimya kidogo, kisha jibu. Kurekodi kulitufundisha Kiswahili kuliko mitihani yetu wenyewe. "Mahakama ya Juu" ilieleweka kwa Wakenya mara moja, kwa kuwa wanayo. Kwa wazee kutoka Uvira na Fizi, waliozoea maneno ya Kifaransa katika mambo ya serikali, ilibidi tueleze. Kwa swali la nini kinazuia tawi moja la serikali lisizidi nguvu, tulijaribu tafsiri nne. Mzee mmoja Mbembe ndiye aliyetupa ya tano: "kila mmoja anamkaba mwenzake shati." Rekodi ya sasa inasema "matawi yanadhibitiana", lakini tunapoeleza tunatumia shati.

Tukarudi na neno kukana kwa walimu. Tulitegemea jibu la dakika tano, tukapata ubishi wa vipindi viwili. Upande mmoja ulisema kukana ni kusema jambo si kweli au humjui mtu, na kiapo hakimtaki mtu aseme haijui nchi yake. Kinamtaka aache utii. Basi isemwe "naacha kabisa utii wangu". Upande wa pili ulisema mfasiri hana ruhusa ya kulainisha kiapo cha watu. Neno la Kiingereza ni kali, limewekwa liwe kali, na mwombaji ana haki ya kuusikia ukali wake kabla ya kuinua mkono. Sisi tuligawanyika vilevile. Mwishowe tuliamua kusema "naacha kabisa, na kuukataa, utii wangu kwa mfalme, mtawala au dola nyingine yoyote", halafu kueleza kwa maneno ya kawaida kwamba lugha hii ni nzito na kwa nini. Si tafsiri nzuri. Inajikwaa. Ila inasema kilichomo.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Mfalme?" akasema. "Mwami wetu waliuawa mwaka ule ule tuliokimbia." Ni kweli: Ntare wa Tano aliondolewa mwaka 1966 na aliuawa 1972. "Na waliobaki hawakunijua. Utii ndio mnaotaka? Huo nauacha. Watu siwaachi." Akaturuhusu tuweke tiki.

Kile ambacho kiapo hakisemi ni kitakachotokea upande wa pili wa bahari, na hapo ndipo wanachama wa chama kimoja, wanaojaza fomu moja, wanapoachana. Marekani, pamoja na ukali wa maneno yake, haikusanyi pasipoti za watu siku ya kiapo wala haikatazi raia wake kuwa na uraia mwingine. Anayekunyang'anya au kukuachia ni nchi uliyotoka. Mkenya wa kuzaliwa, tangu Katiba ya 2010, hapotezi uraia wake kwa kupata mwingine. Anachotakiwa ni kutoa taarifa serikalini ndani ya miezi mitatu, na wengi wetu hatukujua hilo mpaka tulipolisoma tukiandaa makala hii. Rwanda, Uganda na Burundi zinaruhusu uraia wa nchi mbili. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine. Kwa sheria, aliyeapa hapa anahitaji viza kwenda Bukavu kumzika mama yake.

Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia mwingine kwa hiari yake anapoteza wa Tanzania, na kati ya wanachama wetu hakuna linalozua kimya kirefu kama hilo. Mwaka huu Bunge la Tanzania lilipitisha mabadiliko ya sheria ili wenye asili ya nchi hiyo wapewe hadhi maalum, wapate nafuu ya kuingia, kukaa na kumiliki ardhi. Ni hatua. Si uraia: huna kura, na hadhi inayotolewa kwa kibali si kitu ulichozaliwa nacho. Mwenzetu mmoja, kifungua mimba wa familia ya Rombo, amefikisha miaka 9 ya ukazi na hajaomba. Ndugu zake wawili wameshaapa. Baba yao alipofariki, ukoo ulikaa ukauliza ni nani kati ya watoto bado ni Mtanzania wa kuandikiwa kihamba, na jina lake ndilo lililobaki. Basi anabaki na kadi yake ya kijani, anaifanya upya kila miaka 10, hawezi kupiga kura hapa, hawezi kuomba kazi nyingi za serikali ya shirikisho, na kila anapotoka nchini anahesabu siku. Tulimuuliza kama tuliandike hili. Akasema andikeni, ila msiseme najitoa mhanga, migomba ni mizuri.

Hatumshauri mtu aombe au asiombe. Tunachoomba ni mtu asije mezani akijua ada na maswali 128 huku hajui sheria ya kwao.

Bibi alihojiwa kiangazi. Mkalimani wake alikuwa mmoja wetu, aliyeapishwa kwanza kwamba atatafsiri kila kilichosemwa bila kuongeza wala kupunguza. Kwa kuwa fomu ilipelekwa kabla ya Oktoba, mtihani ulikuwa ule wa zamani. Alijibu manne mfululizo. La tano likauliza ni nani waliishi Amerika kabla ya Wazungu kufika. Bibi akajibu, "Wenyewe." Mkalimani hana ruhusa ya kusaidia, akaisema kwa Kiingereza kama ilivyo: wenye nchi. Ofisa alicheka, akaweka kalamu chini, akauliza tena, wenyewe gani? "Wahindi wa Amerika," Bibi akasema, kwa sauti ile ile ya rekodi ya WhatsApp, mpaka na kile kimya kidogo mbele yake. Swali la saba ndilo lililompa la sita sahihi.

Aliapa Septemba. Kadi ya kijani aliirudisha mlangoni, akapewa cheti na kibendera. Sisi tulikuwa watano tumekaa nyuma, na mwalimu mmoja aliyeahirisha kipindi. Alipoinua mkono alisema yale maneno kimoyomoyo kwa Kirundi, si kwa tafsiri yetu. Alituambia hivyo mwenyewe kwenye maegesho ya magari, bila kuomba radhi.

Hapo hapo akatoa bahasha mkobani. "Sasa ile ya mtoto."

Mwanawe alikuwa ameshaoa familia ilipopata safari mwaka 2008, akaandikwa faili lake, na faili halikufika popote. Mtabila ilipofungwa 2012 alirudishwa Burundi. Mwaka 2015 alikimbia tena, na sasa yuko Nduta na watoto wanne. Mwenye kadi ya kijani anaweza kumwombea mke, mume na watoto ambao hawajaoa. Aliyeoa anaombewa na raia tu. Kwa miaka 17 hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya Bibi, na hakutuambia mpaka siku hiyo. Tulimweleza kwamba foleni ya watoto waliooa ni zaidi ya miaka kumi, na kwamba tangu Juni mwaka huu viza za uhamiaji kwa Warundi wa fungu hilo zimesimamishwa. Tulimweleza pia kwamba siku ombi linapopokelewa ndiyo nafasi yake kwenye foleni. Akasema basi lipokelewe.

Jumamosi iliyofuata tulifungua fomu I-130. Jina la mwombewa, mahali alipozaliwa, tarehe. Bibi akatoa karatasi ya kambini: 1 Januari 1984. Kwa karatasi, mama na mwana wamepishana miaka 14. Tumeliandikia kliniki ya sheria na tunasubiri jibu lao kabla ya kupeleka. Bibi hupiga simu kila Jumanne kuuliza.